Anayekoroga Haonji

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Najua unapenda salamu ndefu zenye kuuliza hali ya kila mtu hadi paka, lakini leo nisamehe, nikizibana habari hizi nitapasuka, na tumbo lenyewe halina tena nafasi. Mjukuu wako amelijaza lote. Mwezi wa saba huu na anapiga teke kama ana deni na mimi.

Jana zamu yangu ilifika. Kila mmoja wetu hapa kwenye kituo cha mafunzo ya biashara alipaswa kusimama mbele ya wanunuzi aeleze biashara yake. Aliyenitangulia ana kampuni changa ya kukausha matunda, kavaa suti, ana picha ukutani zenye mistari inayopanda tu, haishuki. Mimi nilikuwa na kipande cha sabuni ndani ya leso.

Nikawaambia kwetu tunachemsha sabuni tangu enzi za bibi mzaa baba. Nikawaeleza kostiki, ile chumvi kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, na kwamba ikibaki mbichi ndani ya mche inakula ngozi ya mtu. Nikasema, wengine wana mashine ya kujua, sisi tuna ulimi wa Mama. Anagusisha ncha tu. Ukimchoma, anasema "bado", na sufuria linarudi motoni. Usipomchoma, anasema "mimina". Na anayekoroga haonji, hata akiwa na hamu kiasi gani, kwa sababu hakuna mtu anayeona kilema cha mtoto wake. Hiyo ndiyo sheria ya bibi.

Mama, walipiga makofi! Mkufunzi wetu, ambaye tangu nianze masomo sijaona meno yake, alisema, "Hapo ndipo penye biashara. Usiuze sabuni, uza huo ulimi."

Baadaye akanijia mama mmoja mnene wa sauti nyembamba, huku wanamwita Bi Wodi, kwa sababu ndiye anayesambaza vifaa kwenye wodi za wazazi. Anataka sabuni ya watoto wachanga, isiyo na manukato, mzigo wa kwanza mwisho wa Machi. Nimesema tunaweza. Nunueni sufuria kubwa, na kostiki tuchukue kwa yule muuzaji mpya wa jumla, ile ya vipande vyembamba. Kaka atanuna, mwache anune.

Simu ya posta ya kwenu bado imekufa, nimejaribu. Niandikie.

Wako mwenye kelele,
Kasuku

---

13 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, na ubarikiwe kwa salamu zako fupi kama mkia wa mbuzi. Sisi wazima. Paka naye mzima, maana hukumuuliza.

Barua yako Kaka yako ameifungua kabla yangu kama kawaida yake, akanisomea kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alipofika kwenye makofi akasema, "Kumbe Mama, ulimi wako uko mjini unapigiwa makofi, sisi umetuachia mwili tu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini usiku nilifurahi peke yangu, mwanangu. Baba yako angekuwepo angeitembeza hiyo barua mtaa mzima.

Sufuria limefika. Limebebwa na watu wanne, na ilibidi tung'oe mlango. Limekaa pale pale palipokuwa na kiti cha baba yako, hatukuwa na pengine pa kuliweka. Kostiki mpya nayo imefika, nyeupe, nyembamba kama maganda ya yai. Kaka yako anapima kwa lile kopo letu la zamani, ila analalamika kwamba hizi zinalala ndani ya kopo tofauti na zile za mawe, na anahisi ni kali zaidi. Anataka apunguze, halafu anaogopa kupunguza. Nikamwambia, wewe Mwiko, kazi yako ni kukoroga, mwili huo mrefu ulipewa kwa kazi hiyo. Ulimi utasema.

Mimi mwenyewe ile homa ya mwisho wa mwaka imekwisha, usiwe na wasiwasi. Ila sijui wauza chumvi siku hizi wanachanganya nini. Naweka, naongeza, chakula bado kimenuna. Juzi Kaka yako alisukuma sahani akasema nimemwagia bahari nzima. Mimi nilikula yangu nikamaliza na yake.

Jitunze miguu isivimbe. Usibebe ndoo.

Mama yako

---

20 Februari

Mama,

Shikamoo, na salamu kwa paka.

Karatasi za kufungia sabuni zimechapwa! Nakutumia moja. Usinipige. Ile picha ni ya harusi yangu, pale ulipomtolea ulimi mpiga picha kwa sababu alikuchelewesha kula. Mchoraji ameigeuza mchoro, na chini yake tumeandika: *Imepita kwenye ulimi wa Mama.* Mkufunzi ameibandika ukutani kwa ajili ya wanafunzi watakaokuja. Nikipita hapo natembea kifua mbele, na tumbo mbele pia.

Bi Wodi atakuja huko katikati ya Machi na mpiga picha za video. Anataka akuone ukionja. Vaa kile kitambaa cha buluu.

Kuhusu chumvi, punguza, Mama. Umri wako huo na chumvi si marafiki. Na Kaka asipunguze kitu bila wewe kuonja, asije akatuletea ubunifu sasa hivi.

Wako,
Kasuku

---

1 Machi
Kwa mkono wa dereva wa basi

Mwanangu,

Hii nimeandika mwenyewe na kuibandika gundi. Nimempa dereva mkononi na kumwambia akukabidhi wewe tu, asimpe hata mumeo. Isome umekaa.

Si chumvi. Ni mimi.

Jumanne nilikuwa nakunywa chai, Kaka yako akapiga kelele, "Mama, hiyo imetoka motoni sasa hivi!" Nilikuwa nimeshamaliza nusu kikombe. Jioni ngozi ya ndani ya mdomo ikatoka kama ganda la kitunguu, nami sikusikia maumivu. Nikajua. Nadhani nilijua tangu ile homa, ila mtu hujidanganya kwanza ndipo adanganye wengine.

Juzi tulichemsha sufuria la kwanza kwenye chombo kipya. Nikagusa sabuni. Kimya. Nikaenda nyuma, nikagusa mche wa mwaka jana ambao najua umeiva. Kimya. Nikagusa ukingo wa meza. Vyote vimenijibu sawa. Nikarudi, Kaka yako amesimama na mwiko ananitazama mdomoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikasema, "Mimina."

Sikujua la kusema lingine. Miaka yote hii nimesema maneno mawili tu ndani ya kile chumba, "bado" na "mimina", nikakosa la tatu.

Miche ile nimeificha chini ya magunia, nikamwambia inapumzika. Naogopa, Kasuku. Nipe ruhusa nimwambie Kaka yako, tusimamishe kazi mpaka tujue la kufanya. Bi Wodi mwambie naumwa. Si uongo.

Mama yako

---

5 Machi
Kwa mkono wa dereva

Mama yangu mpenzi,

Nimelia, halafu nikafikiri. Sasa nisikilize.

Usimwambie Kaka. Nampenda, lakini Kaka hana kifua. Akijua asubuhi, jioni anajua kinyozi, na kesho yake anajua dereva wa Bi Wodi. Tangu mwanzo hakutaka sufuria kubwa, ukimpa sababu hii atalipindua. Na wewe unajua akiingiwa na hofu anavyokuwa, hata kijiko hakishiki.

Mama, nilisimama mbele ya watu nikauza ulimi wako. Umechapwa kwenye karatasi elfu kadhaa. Siwezi kurudi pale nikawaambia umekwisha. Nikifeli hili, tutabaki tukiuza miche mitatu mitatu kwenye kibanda mpaka Kaka azeeke, na mwanangu azaliwe aikute familia inahadithia jinsi ilivyokaribia kufanikiwa. Sitaki. Nimechoka sisi kuwa watu wa kukaribia.

Siku ya Bi Wodi onja kama kawaida mbele ya kamera. Ndani ya wiki nitakutumia kitu cha kutuondolea shida hii, namjua wa kumuuliza hapa kituoni. Itakuja kwa posta, na kwa kuwa Kaka atafungua, barua yake nitaiandika kwa mafumbo. Wewe elewa.

Hii ichome.

Kasuku

---

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Ile dawa ya kikohozi uliyoniagiza nimeipata, imo ndani ya kisanduku hiki. Kichupa ni kidogo ila kina nguvu. Matone mawili tu, kila mara kabla ya kuonja. Ukiona mabadiliko yoyote, niandikie siku hiyo hiyo. Karatasi ya maelezo imo, isome taratibu ukiwa peke yako.

Kaka, najua unasoma. Shikamoo na wewe, na uache kunusa kichupa cha watu.

Kasuku

---

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikukinusa, nilikitazama tu.

Mimi si mwandishi kama nyinyi, nitasema yangu nimalize. Bi Wodi alikuja. Mama alivaa buluu, akaonja mara tatu maana mpiga picha alisema taa haikukaa vizuri, na mara zote tatu akasema "mimina" akatabasamu. Bi Wodi akambusu. Kila mtu akafurahi. Mimi nilikuwa nyuma na mwiko, kwenye video nitaonekana kiwiko.

Kasuku, mikono yangu inapasuka. Si mipasuko ile ya kila siku. Hii inatoka maji, na nikishika miche kuipanga inanichoma mpaka kwenye kiwiko hicho hicho kitakachoonekana kwenye video. Nimemwambia Mama. Ameonja tena mbele yangu, akasema imeiva. Basi nikaendelea kupanga. Tangu nazaliwa ulimi wa Mama haujakosea, mimi ni nani niseme umekosea kwa sababu ya vidole?

Lakini kuna jingine. Mama hakohoi. Chumba changu na chake vinatenganishwa na ubao, namsikia hata akigeuka kitandani. Na kila asubuhi anakwenda nyuma na kile kichupa, akirudi haniangalii.

Jana nilikuwa peke yangu kiwandani. Nilichukua kipande nikakikaribisha mdomoni. Nikamkumbuka bibi na ile sauti yake, nikakirudisha. Anayekoroga haonji. Lakini nilikaa pale muda mrefu nikikitazama.

Kama kuna jambo mnanificha, sitagombana. Nijibu neno moja tu: niendelee?

Kaka yako,
Mwiko

---

26 Machi

Kaka yangu Mwiko,

Shikamoo. Paka mafuta mikononi, vaa glavu, na uache kumsikiliza Mama kupitia ubao kama mpelelezi. Mama mzima. Wewe umezoea kostiki ya mawe, hii mpya ina vumbi, mikono itazoea.

Sikufichi kitu. Naandika nimelala, mgongo unakatika, nadhani mgeni wetu yuko mlangoni.

Neno ulilotaka: endelea.

Kasuku

---

2 Aprili

Kasuku wangu, mama wa mwanamume!

Dereva ameingia hapa akipiga honi kama harusi: kidume, na ana mapafu! Nimecheza mbele ya abiria, Kaka yako akaona aibu akaingia ndani, nikamkuta naye anacheza peke yake. Amefanana na nani? Usiniambie na mkwe, sitaki kusikia.

Na mimi nina habari. Ulisema nikiona mabadiliko nikuandikie. Mwanangu, dawa inafanya kazi!

Niliposoma barua yako nilikuelewa hapo hapo. Kikohozi gani, mimi sikohoi! Nikajua hii ni dawa ya ulimi, umenitafutia kwa wataalamu wa huko. Ile karatasi ya maelezo kichupa kiliivujia njiani, wino ukawa uji, lakini barua yako ilitosha: matone mawili, kabla ya kuonja. Kila siku ya kazi nimeyaweka kwenye ncha ya ulimi bila kukosa. Hayana utamu wala uchungu, na tumbo yananiendesha kidogo, lakini dawa ya kweli ndivyo ilivyo.

Wiki ya kwanza sikusikia kitu, wala sikujitazama. Halafu asubuhi moja nimeweka matone, nimeonja sabuni, nimerudi ndani nikajitazama kwenye kioo. Ulimi pinki! Pinki ya waridi, na midomo pia, kama ya bibi harusi. Nikasema damu imerudi. Na kila nikionja inazidi. Bado sijasikia ladha, lakini rangi imetangulia, ladha iko nyuma inakuja. Nilifurahi mpaka ile miche niliyoificha chini ya magunia nimeitoa nikaichanganya na mingine, maana niliigusa, na ulimi ukang'aa vile vile.

Kaka yako aliniona jana, akaniuliza kama nimepaka rangi ya midomo, nikamwambia mjane naye ana haki.

Mzigo wa Bi Wodi umeondoka jana, makatoni yamejaa lori. Na wewe nimekuwekea kifurushi: miche sita ya kwanza kutoka sufuria la mwisho, nimeichagua mmoja mmoja, na kila mmoja nimeuonja. Mjukuu wangu wa kwanza aogeshwe kwa sabuni ya nyumbani kwao. Usimwogeshe kwa ya dukani, nitajua.

Mama yako, na sasa Bibi

Nimekuwa bibi kweli, nimesahau! Dereva ameondoka na kifurushi, na barua imebaki mezani. Nitaitia posta kesho, itachechemea ikufikie.

---

5 Aprili
Kwa mkono wa dereva

Mama yangu, Bibi wa mtu,

Shikamoo, shikamoo tena kwa niaba ya huyu ambaye hajui kuamkia.

Kifurushi kimefika sasa hivi, dereva mwenyewe amekileta mpaka mlangoni na kudai amwone mtoto. Hakuna barua ndani, lakini nilipofungua ile karatasi na kukuona umenitolea ulimi, nililia kama mjinga. Muuguzi anayenisaidia alidhani nimepata habari ya msiba.

Amefanana na wewe. Ana kidevu chako na hasira zako. Ngozi yake, Mama, sijui niiseme vipi. Ukimgusa unaogopa kwamba kidole chako ni kigumu mno. Muuguzi amekuwa akimfuta kwa kitambaa cha maji tu, akasema tusubiri kitovu kidondoke. Leo asubuhi kimedondoka. Kwa hiyo jioni hii, maji yakishapoa, ataogeshwa kwa mara ya kwanza, na sabuni ni hii yako. Nimeuweka mche mmoja kwenye sahani kando ya beseni. Mume wangu ameazima kamera.

Sasa mzigo umetoka, naweza kusema wazi, na Kaka akisoma basi asome. Kaka, nisamehe. Nilikudanganya, nitakueleza nikija, na utanitukana nami nitanyamaza. Ulimi wa Mama ulikufa tangu ile homa. Lakini tulikuwa na ulinzi. Ile haikuwa dawa ya kikohozi, Mama na mimi tunajua. Ni matone ya kupimia, kila kiwanda kikubwa wanayo. Unadondosha mawili juu ya sabuni. Yakibaki kama maji, imeiva. Yakigeuka pinki, kostiki bado mbichi ndani, usiiguse. Kwa kuwa Mama hakuniandikia hata mara moja kwamba ameona mabadiliko, nilijua kila sufuria yalibaki kama maji. Hilo ndilo lililonipa usingizi wiki zote hizi, Mama. Ukimya wako.

Umeona kwamba tumeweza? Sisi si watu wa kukaribia tena.

Nayasikia maji yanamiminwa. Dereva anangoja barua hii aondoke nayo. Nitakuandikia kesho jinsi alivyopiga kelele.

Kasuku wako

---

8 Aprili
Kwa mkono wa dereva

Mwanangu,

Usimwogeshe.

Barua yako imefika sasa hivi, na simu ya posta bado imekufa. Kaka yako aliifungua, akasoma kwa ile sauti yake, alipofika kwenye matone akaishusha karatasi. Akanitazama. Akanitazama mdomo.

Matone sikuyaweka kwenye sabuni. Niliyaweka kwenye ulimi. Nilidhani ni dawa yangu. Nimekuandikia, barua iko posta, utaniona humo nikifurahia ile rangi. Usiisome. Au isome, sijui.

Kaka yako alikwenda kiwandani akachukua mche, wa sufuria lile lile la miche niliyokutumia, akautia mdomoni. Mara ya kwanza maishani mwake. Alipiga yowe akakimbilia pipa la maji, akatumbukiza kichwa chote. Mimi nikauchukua mche ule ule kutoka chini alipoutupa, nikauweka kwenye ulimi wangu nikasubiri. Nilisubiri, mwanangu. Kimya.

Tone la mwisho nililidondosha juu yake. Unajua lilikuwa rangi gani.

Hakunitukana. Nilitaka anitukane. Amefunga mikono yake kwa vitambaa, amepanda pikipiki ya kinyozi kwenda kuzuia makatoni kwenye ghala la Bi Wodi. Dereva anasema makatoni hukaa pale wiki mbili kabla ya kugawiwa, kwa hiyo atayakuta. Ya wengine atayakuta.

Moto nimeuzima. Mlango wa kiwanda hatukuwahi kuurudishia tangu tuung'oe, nimesimamisha ubao.

Kama sabuni imemgusa, mmwagie maji matupu, mengi, msiache kumwaga, msimpake mafuta wala kitu chochote, na mkimbie hospitali mkiwa na mche mkononi muwaonyeshe. Waambie ni kostiki. Waambie ni bibi yake.

Najua jioni uliyoniambia imepita siku tatu. Nimehesabu, nikahesabu tena. Nakuandikia kana kwamba maji bado yanapoa. Huenda kitu kilitokea, maji yakamwagika, mumeo akakosa kamera, mtoto akalala na mkaona huruma kumwamsha. Watoto hulala. Wewe ulilala siku nzima ulipozaliwa, tulikuogesha kesho yake.

Uliniahidi ungeniandikia kesho yake jinsi alivyopiga kelele. Nimemuuliza dereva mara tatu. Anasema basi lilikwama gereji siku mbili, na alipokuwa anaondoka mjini jana alipita mlangoni kwako kama ulivyomzoesha, akagonga. Hakuna aliyefungua, na barua ya kuleta haikuwepo.

Sasa anawasha gari. Nimemwomba asisimame njiani hata kunywa chai.

Mama